Kaseti ya Pili

Ilianza kwa sauti ya mtu anayeishiwa na pumzi. Nilikuwa jikoni nikikuna nazi, Jumamosi moja ya hivi karibuni, na binti yangu alikuwa sebuleni akitazama filamu kwenye kompyuta yake. Kutoka huko ikanijia sauti ya mwanamume akirudiarudia neno moja, kabadi-kabadi-kabadi, bila kupumua, neno likizidi kukonda kama utambi uliokaukiwa na mafuta. Mkono wangu ulisimama juu ya mbuzi ya nazi. Nilijua, hata kabla sijamwona, kwamba yuko upande wa wapinzani, na kwamba asipourudia mstari wake kabla ya pumzi ile moja kukatika, atakuwa ametoka mchezoni.

Mchezo huo niliujulia Mjambere, mtaani kwetu Kisauni, katika kibanda cha video cha kaka Nyale. Madirisha yalizibwa kwa magunia, mabenchi yalituchoma mapaja, na ndani mlinuka viazi karai na miguu ya watoto. Sisi watoto wa Kisauni tulijiona wajuzi wa Kihindi, kwa kuwa filamu zilikuwa zimetufundisha maneno ya mapenzi, ya viapo na ya kuita polisi. Kaseti ile ilituaibisha. Hatukutambua hata neno moja.

"Kaka Nyale, Kihindi hiki kimeharibika!" mmoja wetu alilalamika.

"Hakijaharibika. Hiki ni Kihindi cha ndani," Nyale alijibu kwa uso mkavu, nasi tukaridhika. Ni Jumamosi hiyo tu, nilipoisikia tena lugha ile ile sebuleni kwangu, nilipomwuliza binti yangu, akaniambia inaitwa Kitelugu.

Hadithi yenyewe haikuhitaji lugha. Kijana hodari wa kabadi alimsukuma babake mbele ya kijiji kizima. Mzee alianguka, kilemba chake kikafunguka mavumbini, na kijana akafukuzwa. Alitangatanga mijini, akazichezea timu za watu wasiomjua, akawarusha wahuni juu ya mikokoteni kwa namna iliyotufanya tusimame juu ya mabenchi. Hatimaye alirudi, mvua ikinyesha, akasimama nje ya lango la kwao. Mzee akatoka na taa mkononi, akainua taa ile kumtazama usoni, na picha ikakatika.

Filamu ilikuwa ya kaseti mbili. "Ya pili iko njiani," alisema Nyale.

Wenzangu walipiga mbinja, wakatoka kwenda kucheza. Mimi nilibaki benchini nikikitazama kioo kilichozimwa. Nilikuwa na sababu yangu.

Baba yangu alikuwa mlinda lango wa timu ya mtaa. Siku moja babu, ambaye kwa Kigiriama chetu tulimwita Tsawe, alimfuata uwanjani kumkanya kwa kucheza akiwa amelewa mnazi. Tsawe alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyeheshimiwa. Baba alimsukuma. Kofia ya Jumapili ya Tsawe ilibingirika hadi kwenye kona ya uwanja, na hakuna aliyethubutu kuiokota. "Uani kwangu usikanyage tena," Tsawe alisema kwa sauti ya chini, na jioni hiyo baba alihamia Changamwe. Mama alikuwa ameshafariki nikiwa mchanga. Nikabaki na Tsawe na nyanya yangu, Hawe, katika nyumba ambamo vijiko viligongana kuliko watu walivyosema. Changamwe si mbali. Ni kuvuka daraja, kukatiza kisiwa, na kuvuka tena. Kwangu mimi ilikuwa mbali kama huko kwenye filamu.

Kwa hiyo niliingoja kaseti ya pili kama wengine wanavyongoja majibu ya hospitali. Mzee akifungua lango, nilijiambia, Tsawe naye atafungua. Nilipita kwa Nyale kila nilipotoka shule, mpaka wenzangu wakanitungia kejeli. "Kadzo, babako yuko kaseti ya pili!" walipaza sauti wakiniona, kisha wakacheka hadi kukaa chini. Sikulia. Niliona wamesema kweli.

Kaseti ilipokawia, nilijibunia njia nyingine. Nilikimbia kutoka barazani hadi barabarani na kurudi, peke yangu, nikisema kabadi-kabadi kwa pumzi moja. Ningefika bila kuvuta nyingine, baba angerudi. Sikuwahi kufika. Siku moja nilianguka miguuni pa kiti cha Tsawe, kifua kikiwaka.

"Kadzo."

"Abee, Tsawe."

"Mbona wakimbia huku wasema peke yako? Wenzio wa wapi?"

"Sina. Nikirudi hapa bila kupumua, baba naye atarudi."

Tsawe alitazama barabara. Kisha akasema, "Basi jaribu tena, mjukuu wangu. Mara hii usiimalize pumzi yote mwanzoni."

Kwa kiu niliyokuwa nayo, nilinyakua kata ya maji iliyokaa daima kando ya kiti chake, nikaigugumia. Hawe alipiga ukelele kutoka jikoni. Maji yale tulikatazwa. Kila asubuhi aliyamwaga na kutia mapya, na nilipouliza sababu alijibu tu, "Hayo hayanywewi, ni ya Tsawe." Lakini hata Tsawe sikumwona akiyanywa. Siku hiyo hakunikaripia. Aliinuka, magoti yakilia, yeye ambaye hakuwahi kujichotea maji maishani mwake, akaenda mtungini, akaijaza kata na kuirudisha mahali pake.

Kaseti ya pili haikufika kamwe. Tsawe alifariki nikiwa shule ya bweni. Baba alikuja mazishini, akasimama nje ya ua mpaka Hawe alipomwita. Alipofika barazani, alivua shati mbele ya watu wote, akaichukua kata kando ya kiti kitupu, akapiga magoti na kumnyoshea mamake kwa mikono miwili. Niliona haya. Nilidhani msiba umempanda kichwani.

Hawe hakuipokea. "Mimi nilikusamehe siku ile ile, mwanangu, kofia haijatulia chini," alisema. "Maji haya yalikuwa yake."

Jioni ndipo aliponieleza. Kwetu, aliyemwinulia mzazi mkono huja mwenyewe na kufunua kifua. Mzazi hujaza maji mdomoni, akamtemea, na hasira ikatoka pamoja nayo. Mzazi hamfuati mkosaji. Anachoweza ni kuweka maji tayari. Na baba, huko Changamwe, kila mwaka alijiambia kwamba mwaka ujao mzee atakuwa amepoa.

"Mama, njoo! Karibu arudi kwao," binti yangu aliita kutoka sebuleni. Nilienda, viganja vyangu vikinuka nazi, nikaketi kando yake. Katika filamu yake, ingawa si ile ya kwa Nyale, kijana naye alirudi, baba alimkumbatia, ngoma zikalia, na binti yangu akafuta machozi akijicheka.

Utotoni niliingiwa na hofu kwa ajili ya yule anayekimbia tu, kwa kuwa neno lake ndilo lililosikika likikonda. Haikunijia kwamba mzee aliyeketi kimya barazani, kando ya maji yasiyonywewa, naye alikuwa amepewa pumzi moja.