Mama wa Lanham asiyerudisha chombo kitupu, na wageni wetu kutoka Brussels

Wakuu, poleni na mihangaiko. Mimi ni msomaji wa kimya humu, wengi hamnijui na si vibaya.

Leo nimekuta uzi wa mtu analalamika jirani kakaa na hotpot lake tangu Idi. Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu kaja kuuliza nina nini. Nikaona niweke kisa changu. Ni cha kweli tupu. Mke wangu kakisoma kabla sijabandika, kwa hiyo mkikuta chumvi humu mjue ni yake.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili, simu za kukunja ndiyo fasheni. Naishi Lanham, Maryland, kazi nafanyia Washington kwenye ofisi ndogo. Ndogo kweli. Kulikuwa na bosi wangu, mama wa Kimarekani nitamwita Linda, kulikuwa na mimi, na mashine ya kahawa.

Kazi yetu ilikuwa kupiga debe kwa wanaotunga sheria. Wenyewe wanaita lobbying.

Na tulichokuwa tunakipigia debe ni kreti. Msicheke.

Zile kreti za plastiki zinazobeba nyanya kutoka shambani mpaka supamaketi, halafu zinarudi, zinaoshwa, zinabeba tena. Wenye viwanda walikuwa Wamarekani ila soko walilokuwa wanalitamani lilikuwa Ulaya. Na wakubwa wa Brussels walikuwa wanabishana kuhusu sheria za vifungashio, kwamba kipi kipewe kipaumbele: kreti inayotumika mara nyingi, au boksi la karatasi linalotumika mara moja na kwenda kusagwa upya.

Watu wa maboksi nao walikuwa na wapiga debe wao. Ofisi kubwa, hadi mtu wa mapokezi wanaye.

Hoja yao moja ilikuwa inatutesa. Walisema kreti ikishashusha nyanya inarudi shambani tupu. Lori zima linabeba hewa huku linachoma dizeli, sasa hapo mazingira gani yanalindwa? Linda alikuwa na majibu, lakini yote yalikuwa kwenye grafu.

Basi tukapata habari kuwa wajumbe watatu kutoka Brussels wapo Washington kwa shughuli zao, na wamekubali kupita kwetu asubuhi moja watusikilize.

Linda akaniita, akasema bila kuzunguka. Wanachama wetu, hao wenye viwanda wanaotulipa, wanaiangalia ziara hii. Ikienda vizuri, nafasi yangu inabaki na yeye anaendelea kunidhamini makaratasi ya kuishi na kufanya kazi. Ikienda ovyo, ofisi inabaki na mtu mmoja, na mtu huyo siyo mimi.

Wakuu, mke nilikuwa nimeshamleta, mtoto kaanza shule. Kwetu ni Dodoma na napapenda, ila siyo kurudi kwa staili ya kufukuzwa na kreti. Niliogopa, sitaki kudanganya.

Kreti za maonyesho tulikuwa nazo za kijani kadhaa, na moja ya bluu. Hiyo ya bluu ndiyo ilikuwa roho ya ziara. Imepauka, imekwaruzika, imezunguka mashamba ya Uholanzi miaka na miaka na bado nzima. Mwanachama mmoja alituletea kwa ndege. Mimi nikaipa jina, Babu. Hotuba yote ya Linda ilikuwa imejengwa juu ya Babu.

Sasa wiki moja kabla ya ziara mafundi walikuwa wanabadilisha zulia ofisini. Linda akaniambia nizichukue kreti nikazihifadhi kwangu, si nina minivan. Nikazipanga sebuleni Lanham, vizuri kabisa ukutani, nikazama kazini: natoka alfajiri, narudi usiku, taa ya sebule hata siwashi.

Siku moja kabla ya wageni narudi nyumbani mchana kuzichukua.

Nakuta ukuta.

"Neema, kreti ziko wapi?"

Binti yangu anaelewa kila neno la Kiswahili, ila kujibu ni Kiingereza tu. "The aunties took them. And Uncle Njoroge. Mommy said it's fine."

Mke wangu akatoka jikoni anajifuta mikono.

"Mama Aisha alikuja kuomba, alikuwa na shughuli ya binti yake. Na Njoroge wa Gaithersburg anahama nyumba. Ulitaka niwaambie nini, Baba Neema? Kwamba mume wangu analinda makreti?"

"Ya Wazungu hayo!"

"Kwani Wazungu hawaazimani?"

Nikatafuta simu.

Nikampigia Mama Aisha. Huyu ni mama wa Tanga, anakaa mitaa miwili kutoka kwetu, na hakuna Mtanzania wa Lanham ambaye hajawahi kula kwake. Nikaamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mke, mtoto, kazi, baridi, na wazazi Dodoma. Huku jasho linanitoka najibu njema, njema, njema.

"Mama, zile kreti. Nakuja kuzichukua sasa hivi."

"Haiwezekani mwanangu. Sijapika."

"Sitaki chakula mama, nataka kreti tu."

"Khaa! Nirudishe chombo cha watu kitupu? Mimi? Mkeo anionaje? Shughuli imekwisha tangu Jumapili, wala sikuzisahau. Nasubiri nikanunue unga."

Mnaona balaa hilo, wakuu. Kreti zimeoshwa, zimekauka, ziko kwake zimepangwa mlangoni, na zimezuiliwa na unga.

Hapo ndipo nikafanya kosa ambalo Mswahili mwenzangu yeyote angenionya. Nilitaka kumharakisha, nikamwambia ukweli.

"Mama, kesho asubuhi ofisini kuna wageni. Wametoka Ulaya. Kreti ni kwa ajili yao."

Sauti ikabadilika kabisa.

"Wageni? Sasa si ungesema! Wangapi?"

"Watatu, lakini mama..."

"Ofisi mkeo anaijua? Basi. Nitazileta mwenyewe."

Akakata simu.

Nikampigia Njoroge. Yeye ni Mkenya, muuguzi, tulijuana kanisani. Naye nikamwambia habari ya wageni, nikidhani naharakisha mambo.

"Relax bana! Crates ziko poa, nishamaliza ku-unpack. Kesho nikitoka shift nita-pass hapo town ni-drop. Wageni ni wa kutoka majuu kabisa? Sawa sawa, usijali."

Nikashusha pumzi. Sikujiuliza kwa nini wote wawili wanataka kujua habari za wageni.

Asubuhi wageni wakafika mapema. Kiongozi wao alikuwa Mbelgiji mrefu, mkavu, mtu wa maneno machache. Alikuwa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa anaandika kila kitu, na bwana mwingine ambaye kazi yake sikuijua.

Linda akaninong'oneza, "Iko wapi ya bluu?"

"Iko njiani."

Alinitazama jicho lile. Hakuwa na namna, akaanza na grafu.

Baada ya muda yule mrefu akawa anaangalia zulia. Ni kweli lilikuwa jipya, lakini halikuwa zuri kiasi hicho. Kisha akafunga kalamu yake na kuuliza kile kile tulichokuwa tunakiogopa. Kreti zinarudi tupu, sivyo? Kwa hiyo mnatuomba tupendelee malori yanayobeba hewa?

Linda akafungua mdomo, na mimi nikasikia lifti inafunguka.

Harufu ndiyo ilitangulia. Iliki.

Akaingia Mama Aisha, dera jipya juu yake koti la baridi, kambeba Babu kwa mikono miwili. Babu kajaa mahamri. Nyuma yake mke wangu na kreti ya kijani, ndani hotpot kubwa la mbaazi za nazi. Nyuma yao Njoroge na nguo zake za hospitali, macho mekundu ya shift, kabeba chapati na chupa za chai. Wakashuka tena kuleta zilizobaki. Kila kreti ilikuja na kitu.

"Karibuni wageni, karibuni sana," Mama Aisha akasema, akamkaribisha na Linda humo humo ndani ya ofisi yake.

Linda alikuwa mweupe tangu kuzaliwa lakini siku ile aliongeza. Nikaona makaratasi yangu yanaondoka hivi hivi.

Yule mrefu akaniuliza, hiki ni nini?

Sikuwa na uongo wa karibu, nikamwambia kilichopo. Hizi ndizo kreti zetu. Ziliazimwa, sasa zinarudishwa.

"Zinarudishwa zimejaa?"

"Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ni aibu."

Akaitazama kreti. Akamtazama mwenzake anayeandika. Halafu akacheka, kicheko ambacho hata wenzake nadhani hawakukizoea, akasema basi hili ndilo lori lisilobeba hewa.

Na Linda wenu, mama wa kazi yule, hakupoteza hata sekunde. Akasema hicho ndicho alichokuwa anataka kuwaeleza.

Wakala. Jamani walikula. Yule wa tatu ambaye kazi yake sikuijua, nikaijua.

Ningeishia hapa ningekuwa shujaa. Ila yule mama anayeandika akataka kujua zaidi, akaniomba nimuulize Mama Aisha: je, ukiwa huna cha kuweka ndani?

Nikatafsiri. Mama Aisha akajibu, "Nakaa nacho mpaka nipate."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nipate."

Yule mrefu akaacha kutafuna. Maana kwenye biashara ya kreti kuna ugonjwa mmoja mbaya kuliko hewa, nao ni kreti kutorudi kabisa. "Kumbe ndiko zinakoishia," akasema. Linda akacheka, lakini kicheko cha meno.

Wakati wa kuondoka Mama Aisha akakusanya mahamri yaliyobaki, akaongeza chapati, akafunika na kitambaa, akampa yule mrefu. Wakale hotelini, wamesafiri hao.

Vyote akavitia ndani ya Babu.

Linda akanishika mkono. "Siyo ya bluu!"

Nikamnong'oneza Mama Aisha. Akanitolea macho. "Nimnyang'anye mgeni chombo mkononi? Mamako kakufunza hivyo?"

Babu akaingia kwenye lifti na Mbelgiji, milango ikafunga.

Linda hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniumiza. Aliniambia ile ni kreti ya mwanachama, haina pacha, na wataidai. Makaratasi yangu yalikuwa mezani kwake yanasubiri saini. Akayasukuma pembeni, akasema tutaongea Babu akirudi.

Kwa hiyo wakuu, maisha ya familia yangu yakawa yanategemea Mbelgiji kurudisha chombo. Nani kamfundisha? Wiki zikapita. Kila mlango ukigongwa ofisini nainuka. Mke wangu akaanza kuuliza bei za tiketi kimya kimya, akidhani sisikii.

Nikaenda kwa Mama Aisha kulia shida. Akanijibu huku anapepeta mchele, "Atarudisha. Kala mahamri yangu yule. Ana haya, nimemwona macho."

Asubuhi moja akaja mtu wa vifurushi na mzigo mkubwa. Linda akakata utepe wa gundi.

Babu huyo. Bluu yake ile ile, mikwaruzo ile ile.

Na ndani kajaa chokoleti na biskuti mpaka juu.

Sisemi nililia, ila nilitoka nikaenda kusimama kwenye mashine ya kahawa kwa muda. Niliporudi Linda alikuwa anakula ya tatu. Akavuta makaratasi yangu, akasaini yote, mdomo umejaa.

Halafu akafungua kabati. Lile hotpot la mbaazi la Mama Aisha lilikuwa bado humo, limeoshwa, linang'aa. Nikamwambia nipe nimpelekee leo nikirudi nyumbani.

Linda akalikumbatia. "Huna akili? Siwezi kumrudishia hivi hivi tupu."

Alikaa nalo mpaka Krismasi.

Mtaniuliza sheria iliishaje. Waliandika kurasa nyingi, kila upande ukatangaza umeshinda. Ndiyo kazi ile ilivyo.

Nilichojifunza ni kimoja: ukimtajia Mswahili neno wageni, umeshaagiza chakula. Kama una haraka na chombo chako, sema una msukosuko mwingine wowote.

Haya, uwanja wenu. Nani humu ana bakuli la jirani kabatini na anajifanya halioni? Jisalimisheni, hamna atakayewapiga.

Na wewe Njoroge, najua unasomaga humu kwa jina lingine. Kreti moja ya kijani haikuwahi kufika siku ile. Miaka yote hii nimekaa kimya. Chapati sitaki, lete kreti tu.

Mke wangu anasema nifute hapo. Lete na chapati.