Kisiwa Chao, Baraza Letu

Niliambiwa niwe Mchina nikiwa napiga pasi.

Aliyeniambia ni binti wa bosi wangu, Mwingereza, anayesoma shule ya Kiingereza hapa Doha. Baba yake ni mwanasheria wa mambo ya meli. Mimi ndiye ninayewapikia na kuwafulia, na huyo binti nimemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Ananiita Aunti, kwa sababu tangu mwanzo nilikataa kuitwa jina tupu na mtoto. Shuleni kulikuwa na mdahalo: je, Waingereza walikuwa na haki ya kupigana na Wachina kwa ajili ya biashara ya afyuni? Yeye alipangiwa kuwatetea Waingereza. Alitaka mtu wa kujibizana naye nyumbani, baba yake alikuwa kwenye simu, basi Mchina nikawa mimi.

"Mambo ya Wachina siyajui," nikamwambia.

"Nitakueleza."

Alieleza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Waingereza walipenda mno chai ya Wachina, lakini Wachina hawakutaka bidhaa zao, walitaka kulipwa kwa madini ya fedha tu. Fedha ikaanza kuwaishia Waingereza. Wakalimisha afyuni India na kuiingiza China kwa magendo, ilhali sheria ya China ilikataza. Watu wakaharibika kwa kuivuta, wakubwa kwa makuli. Mwishowe mfalme wa China akamtuma afisa mmoja mkali. Afisa huyo akayakamata masanduku ya wafanyabiashara, akachimbisha mashimo, akaiyeyusha afyuni yote kwenye maji yenye chumvi na chokaa, kisha akaifungulia njia ikaenda baharini.

"Safi kabisa," nikasema. "Sasa mdahalo wa nini tena?"

"Bado, Aunti. Waingereza walileta manowari, wakashinda. China ikawapa kisiwa cha Hong Kong, na ikawalipa fidia."

"Fidia ya nini?"

"Ya vita. Na ya afyuni iliyomwagwa." Akanitazama kama aliyeona sijaelewa. "Ilikuwa mali ya watu."

Nikaisimamisha pasi. Damu ilinipanda kichwani hadi masikio yakawaka.

Inabidi nieleze habari za nyumba yetu Mombasa, la sivyo nitaonekana nina wazimu. Mbele ya nyumba ya mama kuna baraza la saruji. Wanaume wa mtaa walikuwa wakikaa hapo baada ya swala ya alasiri, wakinywa kahawa na kubishana mambo yasiyowahusu. Mdogo wangu, wa mwisho kwetu, alikuwa fundi wa friji mwenye mikono mizuri. Akaingia kwenye unga wa kulevya. Siku moja mama aliinua godoro lake akakuta mfuko umejaa kete, mzigo aliowekewa na muuzaji wake. Mama hakumwuliza mtu. Aliupeleka chooni, akaumwaga wote, akaumwagia maji ndoo baada ya ndoo.

Muuzaji alikuja kesho yake. Nilisoma naye madrasa. Alimwamkia mama shikamoo kwa adabu zote, kisha akamwambia, "Mama, umemwaga mali yangu." Hakupiga kelele. Alisema hataki kugombana na mzazi. Yeye atakaa tu hapo barazani afanye biashara yake, mpaka hasara yake irudi. Akaketi. Tangu siku hiyo hajaondoka, na hiyo hasara hairudi. Wanywaji kahawa wamehamia ng'ambo ya njia. Askari hupita wakamsalimu. Mama yangu, ndani ya nyumba aliyojengewa na mumewe, huingilia mlango wa uani kama mwizi.

Wiki ile ile ya mazoezi ya mdahalo, mama alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti. "Mwanangu, sasa yuwataka chumba cha mbele. Yuwasema ni kwa ajili ya mvua tu, ikisha atatoka. Nimwambieje?"

Nilikuwa sijamjibu. Chumba cha mbele ndicho anacholala mdogo wangu. Kumpa muuzaji chumba kile ni kumpa na aliyemo ndani, na mama analijua hilo kuliko mimi. Lakini amechoka, na mimi niko huku nachoma mikono kwa pasi ya watu.

Kwa hiyo binti aliponikabidhi karatasi yenye hoja za Wachina nisome, niliisoma mistari miwili nikaiweka chini. Ilizungumzia mamlaka ya dola na mipaka ya bahari. Hapakuwa na mgonjwa hata mmoja ndani yake, wala mama wa mgonjwa.

"Endelea na zamu yako," nikamwambia. "Nitajibu bila karatasi."

Akasimama wima kama walivyofundishwa. "Hakuna Mchina aliyelazimishwa kuvuta. Wanunuzi walitaka wenyewe."

"Walitaka!" Nilimkatiza. "Umewahi kumwona mtu anayetaka? Anatetemeka kwenye joto. Anauza nguo za mama yake. Huyo ndiye mnunuzi wako? Na aliyemletea, anajua hali yake, anamletea kila siku, huyo ndiye mwenye mali?"

"Aunti, hoja hiyo haimo kwenye…"

"Niambie jambo moja. Walipopewa kisiwa, walitosheka?"

Ni mtoto mkweli, hakudanganya. "Hapana. Miaka ilipita, vikaja vita vya pili. Walitaka bandari zaidi. Mwishowe afyuni ikaruhusiwa kabisa."

Nikapiga meza ya pasi kofi lililoangusha mashati. "Si nilijua! Unampa nje, anataka ndani! Washenzi wakubwa!"

Machozi yalikuwa yameshamjaa binti machoni. Mama yake aliingia mbio, akamkumbatia, akanisemesha kwa sauti ya upole ambayo naichukia kuliko matusi. "Ni zoezi la shule tu. Haya ni mambo ya zamani sana. Katika nyumba hii hatupigiani kelele."

"Samahani, Madam," nikasema, kwa sababu mshahara wangu ndio unaomlisha mama. Mambo ya zamani! Kwangu mimi yamekaa barazani kwetu leo hii, yamevaa kanzu nyeupe.

Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda mtaa wa Al Mansoura kwa rafiki yangu wa Nairobi, mlinzi kwenye jengo la maduka, anayeishi na wenzake chumba kimoja. Nikakaa kwenye kitanda chake nikamrekodia mama ujumbe. Nilimhadithia kila kitu: chai, masanduku, mashimo, chumvi na chokaa, kisiwa, na jinsi walivyorudi. Nikamwambia, "Mama, usimpe chumba. Hata pembe ya chumba usimpe. Wachina walitoa kisiwa na bado wakarudiwa."

Rafiki yangu alikuwa ameacha kula. "Wewe, hiyo stori ya Machina imekuingia aje hivyo? Umeshout hadi majirani wamejua siri zenu."

"Wajue."

Mama hakujibu siku hiyo, wala iliyofuata.

Mdahalo ukafika. Binti alishinda. Walimpigia makofi, wazazi wakampeleka kula aiskrimu, akarudi na kikombe cha bati akakiweka jikoni nikione. Akanikumbatia. "Asante, Aunti. Ulivyokasirika vile ulinisaidia sana. Nilijua Wachina watasema nini, nikawa na majibu tayari."

Nilisimama na mwiko mkononi. Hasira yangu yote, mdogo wangu na godoro lake, vilikuwa vimemnolea ulimi awatetee wauzaji. Nilitaka kukitupa kile kikombe kwenye ndoo ya taka. Nilikifuta alama za vidole nikamrudishia.

Simu ikalia mfukoni. Mama.

Nilikwenda sehemu ya kufulia, nikafunga mlango.

"Mwanangu, ule ujumbe wa Wachina nimeusikia. Chumba simpi. Nimemwambia mbele ya watu, chumba alalacho mwanangu, simpi. Kisha nikanunua chokaa. Alfajiri nikapaka baraza lote, ukuta na chini. Chumvi sikutia."

Nilicheka peke yangu kabla hajamaliza. Kwetu kila anayepaka nyumba hutia chumvi kwenye chokaa ili ishike. Isipotiwa, huhamia kwenye nguo ya kila anayeigusa.

"Akaja na ile kanzu yake, akaketi. Alipoinuka mtaa mzima wamuona matako meupe kama yai. Wale wa kahawa wote wacheka. Jana nikapaka tena, akaja na suruali nyeusi, ikaharibika. Leo amesimama hapo njiani, yuwanidai suruali. Ati nimlipe!"

Nikasikia ndoo ikiburutwa kwenye saruji, na sauti ya mama ikapaa, haikuwa ikisema na mimi tena.

"Njoo uketi, baba, nikulipe. Sijamaliza kupaka."