Nilimuua mwenzangu live kwenye game ya mezani, kesho yake mama yake akaja kumlilia

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa dukani kwangu hapa Nyarero, nauza mbegu na dawa za mifugo. Leo wateja wa kuhesabu, kwa hiyo nitawapa yote kama yalivyotokea. Sitaongeza chumvi. Chumvi ndiyo iliyoniponza, mtaona huko mbele.

Kwanza mchezo wenyewe, maana nikisema game wengi mnawaza simu.

Huu unachezwa mezani. Mtu mmoja ni msimulizi, anaeleza mahali na yanayotokea. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, anasema mhusika huyo anafanya nini. Pakiwa na hatari unarusha dadu mbili, jumla yake inaamua.

Hakuna mshindi. Ni hadithi tu, na mwisho wake hakuna anayeujua, hata msimulizi.

Tulikuwa wanne. Mimi msimulizi. Chacha, fundi simu pale Sirari mpakani, ndiye aliyetuletea mchezo baada ya kuona watu wa nje wakiucheza live mtandaoni. Mwalimu Bhoke, anafundisha shule ya msingi huku kwetu. Na Mwita, kwao ni Susuni ila anaishi Matongo, mchimbaji mdogo wa dhahabu.

Tulikutana kila Jumapili baada ya ibada, nyuma ya duka langu. Kanuni zilikuwa za Kiingereza, mwalimu akatuandikia kwa Kiswahili kwenye daftari. Mambo ya majoka na ngome tuliyaruka. Hadithi yetu ilikuwa ya mashimo ya dhahabu, ng'ombe na vijiji vya huku huku.

Sasa hapa mnisikilize vizuri.

Meza yetu ilikuwa na desturi mbili, tulizitoa kwenye ritongo, ule mkutano wa kijiji wa sisi Wakurya.

Ya kwanza, kabla hujasema unajitaja wewe ni nani na mtoto wa nani. Ndiyo maana hatukubuni majina ya wahusika. Mwita alicheza kama Mwita wa Wambura, wa Susuni. Jina lake kamili na la baba yake.

Ya pili, mtu akishika zamu hakatizwi mpaka aseme "nimemaliza".

Hii ya pili ilimfaa sana Mwita. Ni mtu wa maneno machache na anayatoa polepole. Anaweza kukaa kimya dakika nzima akiwaza mhusika wake apite wapi. Sisi tunatafuna karanga, tunamngoja. Aliwahi kuniambia kwamba pale mezani ndipo mahali pekee watu wanapomsubiri amalize. Shimoni ukichelewa kusema, wenzako wameshashuka.

Nilisikia, nikacheka, nikasahau.

Siku moja Chacha akaja na stendi ya simu na taa ya duara. Akasema turushe live, tuone.

Wiki za kwanza walitutazama shemeji zake tu. Baadaye wakaongezeka. Na mimi, wakuu, niseme ukweli, nilinogewa. Nikaanza kubadilisha sauti. Nikawa nashika kichwa, nanong'ona, nalia kidogo. Mke wangu alipita mara moja akauliza kama naumwa.

Comments zikawa nyingi, na nyingine zilimhusu Mwita. "Huyo wa kofia amelala?" "Mrukeni huyo." Chacha ananionyesha kwa jicho, mimi naruka zamu yake. Ile desturi ya "nimemaliza" hatukuifuta rasmi. Tuliacha tu kuifuata.

Mwalimu Bhoke hakukubali. Siku moja alifunga daftari kabla ya kuanza.

"Huu siyo mchezo tena," alisema. "Ni maigizo. Zamani nilikuwa nawaza mhusika wangu afanye nini. Sasa nawaza nikae upande gani wa taa."

Chacha akajibu kwa kile Kiswahili chake cha mpakani. "Mwalimu, wacha hizo bana. Mimi mwenyewe nilijua hii kitu kwa kuona watu wakirusha live. Bila wao, saa hii wewe ungekuwa unasahihisha madaftari. Na watu wakiboeka wanatoka."

"Watoke. Mimi sikuja kucheza na wao."

"Na wewe Mwita unasemaje?" nikauliza.

Mwita akafikiri. Kabla hajafungua mdomo, Chacha alishawasha simu.

Niwe wa haki, wote wawili walikuwa na hoja. Chacha hakudanganya, mchezo umeenea kwa sababu ya hizo show. Na mwalimu hakudanganya pia, kuna jamaa alitaka kujiunga akaona live yetu, akasema yeye hawezi kulia vile, akaacha. Ubishi huu upo kila mahali, hata kwenye group letu la WhatsApp la wachezaji wa mkoa mzima wa Mara watu walishanuniana.

Jumapili yenyewe sasa.

Kwenye hadithi mhusika wa Mwita alikuwa shimoni, udongo ukaanza kuporomoka. Mwita akarusha dadu. Mimi nina kibao kimesimama mbele yangu; dadu zote, zangu na za wachezaji, zinaangukia nyuma yake, naziona mimi peke yangu kisha natangaza namba. Ilikuwa nane.

Kwa daftari letu, nane ni kuumia. Siyo kufa.

Nikatazama simu. Watazamaji walikuwa wengi kuliko siku zote. Nikaona kuumia hakutoshi.

Nikafunika dadu kwa kiganja. Nikashusha sauti, machozi yakaja yenyewe. "Mwita wa Wambura, wa Susuni. Kifusi kimemfunika. Tumemwita, haitiki. Ndugu zangu, Mwita ametutoka."

Comments zikamiminika. Chacha akapiga kelele kama yuko msibani. Mwalimu alinitazama tu.

Mwita alivua kofia, akaiweka mezani, akasema anawahi Matongo.

Chacha akakata kipande cha nusu dakika akakirusha. Dadu aliitoa, alisema inapunguza moto. Meza pia haikuonekana. Kilichobaki ni sura yangu ninalia na jina la mtu.

Nadhani mmeshaona kinakoelekea. Sisi hatukuona.

Kipande kikaingia WhatsApp, kikafika kwenye group la kwaya, mtu akaandika poleni familia. Jumatatu asubuhi jirani akamwonyesha mama yake Mwita kule Susuni. Mama hana simu ya kugusa. Alisikia jina la mwanawe, la mumewe marehemu na la kijiji chake, na mtu mzima analia. Akapiga simu ya mwanawe, haipatikani. Haipatikani kwa sababu mtu yuko shimoni, kazini, kama kila Jumatatu.

Mama akapanda bodaboda mpaka Matongo, analia njia nzima.

Mwalimu Bhoke ndiye aliyenipigia. Nilifunga duka nikaenda kwa Mwita, Matongo. Nilikuta wanawake wameketi chini uani, wamejifunga kanga kiunoni. Mwita alikuwa ameshatoka shimoni, amesimama katikati, mwili mzima vumbi. Mama yake anamshika mikono, anaachia, anashika tena.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nina miaka arobaini na moja.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Alinitazama. "Wewe ndiye mwenye ile sauti?"

"Ndiyo mama. Ni mchezo. Tulikuwa tunacheza."

"Sawa. Huko kwenye mchezo, umesema mwanangu yuko chini ya kifusi. Nani alimtoa?"

Hakuna aliyemtoa. Baada ya pale tuliendelea na mhusika wa Chacha.

"Basi bado yuko huko," alisema. "Jina la baba yake umeliacha chini ya udongo. Nakuja Jumapili. Utamtoa kwa mdomo huo huo."

Mwita alikuwa ananawa.

Jumapili mama akaja kweli, nguo za kanisani, akakaa kwenye kiti changu cha dukani. Chacha naye akaja, anafungua stendi.

"Mkubwa, hii ndiyo episode yenyewe," akaninong'oneza. "Mama mzazi yuko ndani!"

Mwita akamwambia, "Mura, kunja."

Chacha akakunja.

Nikafungua daftari. Nikaona siwezi kuanza bila kulitoa lililokuwa rohoni.

"Mama, kuna jambo hata hawa hawalijui. Dadu ilitoa nane. Nane ni kuumia. Mimi ndiye niliyesema amekufa, kwa sababu watu walikuwa wanatazama."

Mwalimu akafumba macho. Mama akauliza taratibu, "Kwa hiyo siku zote hizi alikuwa mzima huko chini?"

"Ndiyo mama."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Akatikisa kichwa. "Haya, endeleeni."

Zamu ilikuwa ya Mwita. Akakaa kimya. Kimya kirefu, kile cha zamani. Hakuna karanga safari hii. Mama yake hakuhema kwa nguvu, hakumsukuma, alimngoja tu. Nikaelewa mtu huyu alijifunzia wapi kusubiriwa.

"Mimi Mwita," akasema. "Wa Wambura. Wa Susuni."

Kimya tena.

"Mguu umebanwa. Nasikia watu juu. Naokota jiwe, nagonga ukuta. Mara tatu." Akagonga meza mara tatu. "Nimemaliza."

Mama akawageukia Chacha na mwalimu. "Hamsikii? Mchimbieni!"

Tukachimba, wakuu. Kwa mdomo, karibu saa nzima, bila taa ya duara, na Chacha alichimba kuliko wote. Mwita alipotoka, mama akasema asante, akaitikia marahaba kwa ile shikamoo niliyompa Jumatatu, akaomba apelekwe stendi ya magari.

Leo Chacha ana meza yake Sirari, anarusha live, wanafanya vizuri na simwonei kijicho. Wanatumia majina ya kubuni. Sisi watatu tunaendelea nyuma ya duka, kibao nimekitupa, dadu zote zinarushwa mbele ya watu.

Nilichojifunza: siyo kwamba kamera ni mbaya. Ila kwenye meza kuna mtu alikuja kwa sababu anasubiriwa, na mimi nilimbadilisha na watu nisiowajua, halafu nikadanganya namba ili wasiondoke.

Mnaocheza hizi game, au hata mnaorusha live mambo mengine, hebu niambieni: mnamngoja yule wenu wa polepole? Wanaotaka kunitukana pia nafasi ipo, nitasoma nikipima mbegu.

Ile clip ya kifo bado inazunguka, juzi mteja kutoka mbali alinitambua kupitia clip hiyo, akanipa pole. Siku Mwita alipotolewa tulikuwa watu watano, na hakuna aliyeirekodi.