Upote wa Mwinga

Mdogo wangu Mwinga alikuwa na uta, lakini upote wake, ile kamba ya mshipa wa ng'ombe, ulikaa kwangu miaka arobaini na minane. Wako wanaosema kuwa mimi Mbeyu nilimnyima ndugu yangu. Waseme. Walionijua wamekwisha kufa.

Katika mji wetu, huku bara ya Kwale ukielekea Mackinnon Road, uta ni wa mwanamume na upote ni wa dada yake. Masika yakianguka, mwindaji huufungua upote akampelekea dada. Wakati huo paa wana mimba, kanga wanaatamia, na mwitu umefungwa. Dada huuweka uchagani juu ya meko, moshi uulinde na wadudu. Mahindi yakikauka shambani, na watoto wa paa wamejua kukimbia, humpelekea kwa mkono wake mwenyewe. Mwanamume haombi. Akiomba, anaongezewa mwezi.

Mwaka wa 1977 Mwinga aliniletea upote mwezi wa nne, amelowa chapachapa. Mwezi uliofuata tukaitwa barazani, tukaambiwa serikali imepiga marufuku kuwinda, Kenya nzima. Mwinga akasimama.

"Msimu utafunguliwa lini, bwana?"

"Haufunguliwi."

"Hata mvua ina mwisho."

Watu wakacheka, naye akacheka nao. Mimi sikucheka. Mahindi yalipokauka sikwenda kwake. Yeye hakuweza kuniomba, na mimi sikutaka kumpelekea kitu cha kumtia jela.

Themanini na nne mahindi hayakuota, seuze kukauka. Watoto wa Mwinga walivimba miguu kwa njaa. Alikuja akaketi jikoni kwangu, akitazama uchaga. Nikampimia unga, nusu ya niliokuwa nao.

"Dada, moshi wako mkali," akasema, akijifuta macho.

Meko yangu yalikuwa na siku mbili hayajawashwa.

Baada ya hapo aliteremka Diani, akaandikwa hotelini kufukuza nyani na tumbili wasiibe mikate ya wageni. Alipewa manati na sharti moja: asimpige hata mmoja. Mwinga, aliyempata kanga angani! "Dada, mimi nalipwa kwa kukosa," alikuwa akiniambia akija likizo, na mimi nacheka mpaka aondoke. Akakosa miaka ishirini na mmoja. Mke wake alifariki yeye yuko huko, watoto wakatawanyika, akarudi na mguu mbovu. Akajenga kijumba ng'ambo ya mto mkavu, uta ukaning'inia ukutani kama fimbo.

Mume wangu naye alikuwa ameshatangulia. Asubuhi niliuona moshi wake, naye aliuona wangu. Tukikutana tuliulizana hali za mbuzi. Upote hatukuutaja, yeye kwa adabu, mimi kwa kiburi.

Mwaka huu mwezi wa nne mjukuu wake, Cynthia, alikuja mbio kutoka kwake.

"Bibi, shikamoo. Babu hali kitu. Anatazama ukuta tu."

Nilipanda juu ya kigoda nikauteremsha upote na kitambaa chake, nikavuka mto mvua ikininyeshea.

"Karibu, dada. Mvua yote hii umefuata nini?"

Nikauweka kifuani pake. Akaukunjua, akaunusa, akaujaribu kwa kidole gumba. Kisha akaufunga tena, polepole, akanirudishia.

"Kunanyesha," akasema.

"Nina masikio."

"Paa wana mimba."

"Paa gani, Mwinga? Wewe umemwona paa mara ya mwisho lini?"

"Basi wamebaki wachache. Ndio wafungiwe vizuri."

"Chukua, nakuambia."

"Utaniletea mahindi yakikauka."

"Na usipofika?"

"Unataka nikuombe? Nikiomba utaniongezea mwezi, na mwezi wa kuongezewa sina." Akacheka mpaka akakohoa.

Niliurudisha uchagani nimekasirika. Mwaka huu nilipalilia mahindi yangu kuliko miaka yote. Kila asubuhi nikiyashika majani, kama mtu anayeweza kuyaharakisha. Yalikuwa yanatoa ndevu Mwinga alipofariki.

Siku ya mazishi wazee walitaka azikwe na uta wake. Mzee Sanga, aliyewinda naye, akanijia mbele za watu.

"Mbeyu, lete upote. Uta mtupu hauzikwi."

"Mahindi bado."

"Mwanamke wewe! Hata kaburini?"

"Alinirudishia mwenyewe, kwa mkono wake. Mahindi bado."

Niliwasikia wakinena kwamba kikongwe huyu ana moyo wa jiwe. Wakamzika bila uta, ukabaki ukutani.

Mwezi wa nane nilivunja hindi la kwanza, punje zikalia kavu mkononi. Nikauchukua upote, nikavuka mto peke yangu. Cynthia alikuwa amerudi Ukunda, mlango umefungwa kwa kamba. Niliingia, nikauteremsha uta, nikafunga ncha moja. Ncha ya pili ilinishinda: uta ule haukuwahi kupindwa na mwanamke, nami sina nguvu tena. Nikauegemeza kitandani pake, upote ukining'inia.

"Nimekuletea," nikasema. Nikangoja kidogo, kwa mazoea.

Uchagani kwangu, pale ulipokaa, pamebaki alama isiyo na masizi, ndefu kama kidole. Mvua zitakuja, na mwitu utafungwa. Mimi nitakuwa jikoni, na hakuna atakayeingia amelowa.