Michoro kwenye Magoti ya Mama

Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne wametawanyika Arusha na Dodoma. Mimi nilibaki kijijini kwetu Mogitu, na safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi jikoni kwa mama. Alikuwa akisema kwamba, ingawa mimi ni mtoto wa kiume, nikipata mchumba mahari tutapokea sisi, maana mwali wa ndani ni mimi.

Jikoni ndiko tulikoishi. Baridi ya kwetu haina adabu, na mama aliweka kigoda chake karibu sana na mafiga, hadi miguu yake ikachorwa na moto. Wanawake wengi wa rika lake wanayo michoro hiyo mbele ya miguu, mistari ya kahawia iliyoungana kama wavu. Haiumi, wala haifutiki. Nikimtania anajibu, "Baba yako alipofariki niliolewa na moto. Huyu angalau haendi kilabuni."

Msimu wa palizi jembe likamkata kidole cha mguu. Alikiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga kipande cha kanga, akarudi kwenye maharage. Baada ya siku chache mguu ukavimba, akaanza kutetemeka. Nikasema twende hospitali, Katesh mjini.

"Wewe uende Katesh?" akashangaa. "Basi kweli naumwa."

Lakini hakuinuka. Alichotaka ni niongeze kuni.

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea uji. Akanitazama sana, kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Mama mdogo, aliyekuwa amekuja kumjulia hali dada yake, akaangua kicheko. Mama kumwamkia mwanawe! Nami nikajibu kwa sauti nzito ya mzee wa kanisa, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Tukacheka sisi wawili. Yeye hakucheka.

Mama mdogo alipoinama kumfunika vizuri, akaona magoti. Yalikuwa na wavu ule ule, ila rangi yake ilielekea zambarau. "Dada, sogea, huyu mumeo atakumaliza," akasema, akavuta kigoda nyuma. Nikaona sawa. Nani angeshangaa michoro kwenye miguu ya mama? Kilichonishtua ni nilipolishika goti nikitegemea joto. Lilikuwa baridi kama mtungi wa maji, na moto unawaka mbele yake.

Jirani ana gari. Tukamlaza mama kiti cha nyuma, mama mdogo akabaki kulinda nyumba, na mwali wa ndani akaenda Katesh.

Hospitalini nesi alibonyeza ukucha wa mama, akaachia. Ukucha ukakaa mweupe, damu ikirudi polepole kama haitaki. Akatazama magoti.

"Haya yameanza lini?"

"Hayo ni ya moto, dada," nikamweleza, kwa uhakika wote wa mwenyeji wa jikoni. "Huwa anaota sana."

Hakunibishia. Alipandisha kitenge. Wavu ulikuwa umepanda mapajani, na tumboni palikuwa na mabaka.

"Na huku moto unafikaje?" akauliza kwa upole. Nami, Mungu anisamehe, nikawa natafuta jibu.

Daktari alinieleza baadaye kwamba vijidudu vya kidonda vimeingia kwenye damu na mwili mzima umeshambuliwa. Damu kidogo iliyokuwa ikizunguka vizuri ilikimbilia moyo na ubongo, ngozi ikaachwa. Mgonjwa wa kidonda akiwa na mabaka ya namna ile, akapoa miguu, akaanza kuchanganya maneno, alisema, huyo hasubiri hata uji uive. Walimtundikia dripu, wakampa dawa, wakamwekea oksijeni. Mimi niliisugua mikono yake, mmoja kisha mwingine, kama mtu anayehangaika na kiberiti kilicholowa.

Alifariki mchana, jua likiwa kali, nje watu wakibishana bei ya vitunguu.

Sijatoka hata wodini, mama mdogo akapiga simu.

"Amepata nafuu?"

Nikavuta shuka, nikaufunika mkono wa mama.

"Wewe, unanisikia? Nauliza, bado ana baridi?"

"Bado."

"Basi napanda gari sasa hivi, nakuja na lile blanketi langu jipya, zito. Mwambie nalileta, lakini asizoee, nitalitaka."

"Lilete, mama mdogo," nikasema, nikakata simu kabla hajaniomba nimpe aongee naye.