Charlotte anayeosha gesi Rwambuzi

Saa kumi na mbili asubuhi, jua halijaanza kuchoma mabati ya Rwambuzi, mtaa wa Bunia, na Charlotte anafungua koki juu ya bomba nene la plastiki lililosimama wima nyuma ya jiko lake. Maji yanateremka kwenye kokoto zilizojazwa ndani. Gesi ya mavi ya nguruwe inapanda kutoka chini, vinapishana njiani.

"Niko naiosha," anasema. "Ukiiacha vile, inaua mutu."

Hatanii. Charlotte, 41, alikimbia vita Djugu na sasa anauzia waendesha pikipiki wa Bunia bugali na maharage. Njia ya kuni haikuwa salama, akachimba shimo la kuozesha mavi yatoe gesi, kando ya zizi lake la nguruwe. Moto uliwaka vizuri, ila ulinuka mayai yaliyooza.

Mwaka jana mama yake, Immaculée, alianguka jikoni.

"Nilisikia mwiko inaanguka, kisha yeye. Nilimuvuta inje. Kufungua macho, akaniambia: 'Mutoto, moto yako iko na sumu.'"

Charlotte alifunga jiko. Wateja wakahama. Ndipo alipomwendea Xavier, mwalimu wa kemia.

"Gesi na mayi vinatafutaka usawa," Xavier anaeleza, akionyesha maji yanayoteremka. "Ile ya sumu, mayi inaipenda, lakini kwa kipimo. Ikisha kushiba, hata upitishe mara ngapi, haikamate tena."

Akashauri gesi ioshwe kwa maji ndani ya bomba, akapiga hesabu: madumu manane ya maji kwa kila saa ya kupika.

"Nane! Nikamuuliza: Mwalimu, nipike ao nibebe mayi?"

Wakaamua maji yatumike tena. Yakitoka kwenye bomba, yanamwagika kama mvua juu ya mawe mwisho wa kiwanja, upepo unachukua ile gesi ya sumu, yanaingia ndani ya pipa, kisha pampu ndogo ya sola yenye betri inayarudisha juu ya bomba.

Walijaribu mchana. Kipimo chao kilikuwa waya wa shaba ulioshikiliwa mbele ya gesi iliyokwisha kuoshwa. Penye sumu hugeuka mweusi. Ukawa mweusi. Charlotte akakaa chini, akalia.

Xavier akatumbukiza mkono ndani ya pipa. "Mama Charlotte, mayi iko moto! Siye tulipiga hesabu ya mayi baridi."

Maji ya moto hubeba gesi kidogo. Tangu siku hiyo Charlotte anaosha asubuhi na kuweka gesi safi ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki, hadi wakati wa kupika.

Waya ulipobaki unang'aa wiki nzima, wateja walirudi. Immaculée alichelewa zaidi kurudi jikoni.

"Niliingia siku yenye nilichoka kuona anaunguza maharage," anasema yule mama, akikoroga.

Sasa jirani yao Elodie anataka bomba kama hilo. Charlotte bado hajamjengea. Nguruwe wa Elodie wanakula vingine, shimo ni lingine, na gesi yake huenda ina sumu zaidi. Kila Jumamosi Charlotte anakaa na Xavier, anajifunza kupiga hesabu.

"Hesabu ya kwangu haiwezi kumufaa. Nitapiga yake mimi mwenyewe," anasema. "Na siku ya kuwasha, nitasimama naye pale pale kwa moto."