Bao Tulilolitunga Wawili

Programu iliyonipatia shahada niliiandika na mtu mwingine, na jina lake halimo. Nimewaambia watu wachache sana jambo hili, na kila nilipolisema nililipunguza makali. Hapa nitalisema lilivyo.

Ilikuwa miaka ya themanini, nami ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho Nairobi, nikisomea hisabati na sayansi ya kompyuta. Kwetu ni Mambrui. Mama aliwaambia majirani kwamba nasomea mashine za kuhesabu, nao wakadhani nitarudi kutengeneza saa. Darasani watu wa pwani tulikuwa wawili tu, mimi na msichana mmoja wa Kaloleni, Mgiriama, mpole wa sauti lakini si mpole wa hoja. Ukimjibu vibaya hakukucheka. Alikuuliza tena swali lile lile, polepole, mpaka ulione kosa mwenyewe.

Mwaka ule wanafunzi waligoma, chuo kikafungwa, tukaamriwa turudi makwetu na kila wiki tuende kwa chifu kutia sahihi. Hatukuambiwa tutaitwa lini. Mchana nikawa nashinda Malindi katika duka la ami yangu, ndugu wa baba, aliyekuwa fundi cherehani karibu na soko. Ami alikuwa hodari wa kanzu na hodari zaidi wa bao, na mwenye majivuno kwa yote mawili. Akishinda, alikuwa kacheza. Akishindwa, palikuwa na kiza, au mtu kamsemesha.

Siku moja mwenzangu wa Kaloleni akatokea mlangoni na sare ya hospitali mkononi. Alikuwa amekuja kukaa kwa dada yake, muuguzi wa pale mjini, na sare ilihitaji kupunguzwa kiuno.

"Shikamoo, baba," akamwamkia ami.

"Marahaba, binti. Wamjua huyu wangu?"

"Twasoma darasa moja." Kisha akanigeukia. "Mradi wako umefika wapi?"

Mradi wangu haukuwa umefika popote. Wake vilevile. Tulitakiwa kila mmoja atunge programu yenye maana, na mhadhiri wetu alikuwa ameruhusu watu wawili kushirikiana, ilimradi wawe wamejiandikisha pamoja. Ami alikuwa na ubao mbele yake, akicheza na muuza kahawa. Mwenzangu akasimama akiwatazama, sare imemsahaulika mkononi, mpaka mchezo ukaisha. Ndipo akasema, "Kwa nini tusiifundishe kompyuta bao?"

Ami alicheka mpaka akatoa miwani. Lakini kesho yake alitufungulia mapema, akapanga kete mwenyewe.

Kompyuta hatukuwa nayo. Zile chache tulizozijua zilikuwa Nairobi, nyuma ya mlango uliofungwa. Kwa hivyo tuliandika programu yote kwa penseli, kwenye daftari za shule, na tulipotaka kuijaribu, mimi ndimi niliyekuwa mashine. Nilikaa mbele ya ami na daftari mapajani, nikifuata amri mstari kwa mstari. Mwenzangu alisimama nyuma yangu. Nikiona mchezo mzuri ambao daftari haikuuona, nikanyoosha mkono kuucheza, alinigonga bega.

"Hukuambiwa ufikiri. Fuata mstari."

Ami aliishinda daftari kila siku, na kila siku aliwatangazia wapita njia kwamba amewashinda wasomi wawili wa chuo kikuu. Wanaocheza bao wanajua kwamba kete hazitulii. Unazichukua shimoni, unazimwaga moja moja, na ya mwisho ikiangukia penye kete nyingine unazoa zote na kuendelea, mpaka ufikie shimo tupu ulale. Alasiri moja nilianza kumwaga na sikulala. Nilizunguka, nikazunguka, mgongo ukaniuma, wateja wakakusanyika kutazama, ami akanichochea, "Endelea, mashine!"

"Baba," mwenzangu akauliza, "nyinyi ikizunguka hivi mwafanyaje?"

"Twaivunja. Twarudi tulipoanza."

"Mwapakumbukaje?"

Ami hakuelewa swali. Alipeleka mkono ubaoni, akaanza kurudi nyuma, shimo kwa shimo, akiokota kete moja hapa na kuirudisha kule, haraka kama mtu anayefumua mshono, mpaka bao likawa kama lilivyokuwa kabla sijagusa kitu. Mwenzangu akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba mara ya tatu, na safari hii alikuwa akiandika.

Hapo ndipo ulipotoka moyo wa programu yetu. Mashine inayocheza bao lazima ijaribu kichwani michezo mingi kabla ya kuchagua mmoja. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba kila inapojaribu, inakili bao zima upya, na tulijua kompyuta ya chuoni ingejaa mara moja, maana kumbukumbu yake ilikuwa ndogo. Yeye aliona kwamba nakala hazihitajiki. Bao moja latosha, pamoja na mkono unaojua kurudi nyuma. Aliandika sehemu ile kwa siku nne, peke yake, kwenye meza ya kukatia vitambaa. Nilipoisoma nilifurahi. Baada ya furaha nilihisi jambo jingine ambalo sikulitaja jina wakati ule. Nilikuwa nimezoea kuwa wa kwanza darasani.

Chuo kilipofunguliwa, yeye hakurudi. Mama yake alikuwa amepatwa na kiharusi, na nyumbani Kaloleni hapakuwa na wa kumgeuza kitandani ila yeye. Aliniletea daftari zake dukani, zimefungwa kwa uzi.

"Tuandikishe sote wawili," aliniambia. "Nitakuja muhula ujao."

"Bila shaka."

Nairobi nilizichapa daftari zile kwenye mashine, mstari kwa mstari, wiki nyingi. Programu ikacheza. Ikamfunga mwanafunzi mmoja wa kutoka Kisumu aliyejifunza sheria asubuhi ile, kisha ikamfunga mtunza chumba cha kompyuta, mtu wa Lamu, aliyelijua bao tangu utotoni. Habari zikaenea. Mhadhiri akaja mwenyewe, akavuta kiti, akacheza, akashindwa. Akaomba kuona ilivyoandikwa. Alipofika kwenye sehemu ile ya kurudi nyuma aliisoma, akaisoma tena.

"Hili ni wazo zuri sana," akasema. "Hili umelipataje?"

Fomu ya kujiandikisha ilikuwa bado mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeichelewesha, nikijiambia nasubiri barua yake. Watu walikuwa wamesimama nyuma ya kiti changu, wote wananitazama mimi. Nikasema, "Nilimwona ami yangu akicheza."

Halikuwa uongo, na ndiyo sababu liliniponyoka kwa wepesi. Mhadhiri akanipa mkono. Baada ya hapo kulisema lile jingine, kwamba aliyeiandika ni mwenzangu, kungekuwa kujikanusha mbele ya watu wale wale. Niliijaza fomu jioni ile kwa jina moja.

Aliporudi muhula uliofuata, mradi ulikwisha kupewa alama, na aliambiwa atafute mwingine, kwa sababu huu una mwenyewe. Alinikuta kwenye ngazi za maktaba. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi.

"Ulipoulizwa, ulinitaja?"

"La."

 Nilijua namna yake, anauliza na kuuliza mpaka ulione kosa. Lakini safari hii hakuuliza tena. Akapanda ngazi. Mradi aliouanza haukukamilika. Mama yake alizidiwa, akaomba ruhusa, na ruhusa ile ikawa ndiyo kuondoka kwake. Mimi nilipata shahada ya daraja la juu na kazi kabla sijavua joho.

Nyumbani ami alitaka kujua kila kitu. Mashine ilichezaje? Ilimfunga nani? Na yule binti, walimsifu? Nikamwambia walimsifu sana. Mwaka ule ule mama wa mwenzangu akafariki. Ami alisikia kwa yule dada muuguzi, ambaye sasa alikuwa mteja wake, akafunga duka na kwenda Kaloleni kuhani msiba. Mimi nilisema nina kazi Nairobi.

Nilipokuja likizo nilimkuta dukani ametandika ubao, anacheza na muuza kahawa. Nilikaa kungoja zamu yangu kama kawaida. Mchezo ulipoisha, alizikusanya kete zote mfukoni.

"Nilimpa pole," akasema bila kunitazama. "Kisha nikampa hongera kwa kazi yenu. Akaniuliza, kazi ipi, baba?"

Muuza kahawa alichukua dele lake la kahawa akaondoka.

"Ami, mambo ya chuo ni..."

"Mimi sikusoma. Lakini nguo iliyoshonwa na watu wawili naijua."

Aliendelea kunishonea kanzu za Idi, na alinijulia hali kila nilipofika. Kucheza nami hakucheza tena. Nilidhani atasahau. Alikufa baada ya miaka mitatu, na katika miaka hiyo yote sikufanya jambo pekee ambalo lingemfanya anipangie kete, yaani kutembea mpaka chuoni na kusema ukweli. Mhadhiri alikuwa bado yupo. Ofisi yake na ofisi yangu zilikuwa mtaa mmoja.

Nilikwenda Kaloleni nikiwa nimekwisha kuota mvi. Mwenzangu alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya misheni, na nilimkuta nje ya darasa, chaki vidoleni, akimsikiliza mwanafunzi akijieleza. Alinikaribisha kwenye benchi. Nilimwomba msamaha kwa maneno niliyoyatunga njia nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Uliogopa nini?" akauliza.

 Nikasema sijui.

"Mimi msamaha nilikupa zamani, maana mama alikuwa hataki niseme vibaya juu ya mtu. Lakini sikuwa na haja ya kuombwa msamaha. Nilikuwa na haja ya barua moja kwa mhadhiri, mwaka ule, kabla hawajalifuta jina langu chuoni. Ile ungeiandika kwa dakika kumi."

Kengele ikalia. Akasimama, akaniambia nipite kwa dada yake nikirudi, atafurahi kuniona, akaingia darasani.

Barua niliiandika wiki ile, kwa mkuu wa idara, kurasa mbili, nikaeleza nani aliandika nini na wazo lilitoka mkononi mwa nani. Mhadhiri wetu alikuwa amestaafu na kufariki. Katibu alinijibu kwa adabu kwamba miradi ya miaka ile haikuhifadhiwa, na kwamba barua yangu imewekwa kwenye faili yangu.